Mume wangu hashiki mafumbo: ana tatizo, au ananipuuza?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Nimezaliwa Pangani, nikalelewa na bibi ambaye hakuwahi kumwambia mtu jambo moja kwa moja. Mume wangu kwao ni Shinyanga, ni fundi magari, kaja Dar akiwa na miaka 22. Tatizo letu ni mafumbo. Mwezi uliopita ndugu zake walikuwa wanakuja kwetu na kulala bila hata kupiga simu. Sikutaka kusema wazi, nikamwambia, "Baba watoto, nyumba hii siku hizi haina mlango." Kesho yake akaleta seremala. Ametoa shilingi 15,000 kurekebisha bawaba. Nililia, mwalimu. Halafu mwanangu mkubwa, ana miaka 6, alinisikia nikisema shangazi yake ana mkono wa birika. Shangazi alipokuja, mtoto akaomba aonyeshwe huo mkono. Je, mume wangu ana upungufu wa akili, au ananipuuza makusudi? Na mtoto amerithi? Ajabu ni kwamba magazeti ya michezo anayasoma mwanzo hadi mwisho na kunisimulia.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimerudi kwenye ile sentensi ya mwisho, ya magazeti ya michezo, uliyoitupia kama jambo la pembeni. Hiyo ndiyo iliyobeba jibu.

Chukua kichwa cha habari ambacho mumeo angekutana nacho siku ya Jumatatu: "Mnyama achinjwa kwa Mkapa." Hakuna aliyetoa kisu. Mnyama ni timu ya Simba, kuchinjwa ni kufungwa magoli, na kwa Mkapa ni uwanja ulioko Temeke, jirani zenu kabisa. Maneno manne tu, na ukiyashika kwa maana ya kamusi hupati habari yoyote ya mpira. Mtu anayeyapita hayo huku anakunywa chai ya asubuhi, halafu akakusimulia mechi yote, kichwa chake kinaelewa sitiari, yaani kuita kitu kwa jina la kitu kingine, bila shida. Upungufu wa akili tuuondoe mezani.

Na tuondoe pia methali ambayo naamini umeiwaza, maana kila aliyelelewa na bibi wa Pwani anayo: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atang'amua. Naipenda lugha ya wazee, lakini methali hii naipinga, na nimeipinga darasani kwa miaka mingi. Imetufanya tuamini kwamba fumbo ni mzani wa akili, kwamba anayelikosa ni mjinga. Kinachoamua zaidi ni kile ambacho msemaji na msikilizaji wanakijua kwa pamoja kabla neno halijatoka mdomoni.

Neno lenyewe sitiari tumelipata kwenye Kiarabu, na kule asili yake ni kuazima. Naipenda sana picha hiyo. Ukienda kwa jirani kuazima chungu, huondoki na jiko lake lote. Nikisema Juma ni simba, nimeazima ujasiri. Mkia, manyoya na harufu nimeviacha porini. Lakini sijasema nimeazima nini. Hiyo kazi nimemwachia msikilizaji, naye ataifanya kwa kutumia simba anayemjua yeye.

Angalia papa. Kwa Kiingereza, mwanasheria akiitwa papa, watu wanawaza ukali, mtu anayenusa damu na kushambulia bila huruma. Hapa kwetu mtu akilalamika kijiweni kwamba "wamekamata dagaa, mapapa wamewaacha", hakuna anayewaza meno. Tumeazima ukubwa, tena ukubwa wa samaki ambaye wavu wa kawaida haumwezi. Samaki ni yuleyule, kilichoazimwa ni kingine.

Au chawa, neno ambalo siku hizi limejaa mjini. Kwa mtu wa umri wangu chawa ni uchafu na aibu ya mwili, kitu cha kuchemshia nguo. Nilipomsikia kwa mara ya kwanza kijana wa Sinza akijitambulisha, kifua mbele, kwamba yeye ni chawa wa tajiri fulani, nilidhani anajitukana. Baadaye nikaelewa. Yeye hakuugusa uchafu. Ameazima kung'ang'ania na kushiba: kukaa mwilini mwa mtu mkubwa, kumsifu, na kula kwa sababu yeye anakula. Kwake ni karibu na kazi. Tulikuwa wawili mbele ya neno moja, wote wazima, wote tunazungumza Kiswahili, na kila mmoja alitoka na mzigo wake.

Sasa twende kwenye mlango wako.

Nakuuliza kwanza: bawaba ilikuwa imelegea kweli? Nadhani ndiyo, la sivyo seremala asingepata cha kurekebisha. Hapo ndipo penye ugumu wote. Kichwa cha habari cha gazeti kinajitangaza chenyewe kuwa si cha kuchukuliwa kilivyo, kwa sababu kikichukuliwa kilivyo hakina maana kwenye ukurasa wa michezo. "Nyumba hii haina mlango", kwenye nyumba yenye mlango mbovu, haijitangazi. Ni sentensi iliyo kweli mara mbili, kwa nje na kwa ndani. Fundi, ambaye kutwa nzima watu humwendea na kumwambia hiki kimekatika, kile kinavuja, alisikia sentensi iliyokamilika, yenye maana, na yenye kazi ya kufanya. Hakuwa na sababu ya kuendelea kutafuta.

Watu wengi hudhani kwamba kichwa huelewa fumbo kwa kupanda ngazi: kwanza maana ya wazi, ikigoma ndipo ya ndani. Mwaka 1982 Sam Glucksberg na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walilipima jambo hilo kwa njia rahisi. Waliwapa watu sentensi wazisome na waseme haraka kama ni kweli au uongo, kwa maana ya wazi tu. Sentensi kama "baadhi ya kazi ni jela" ni uongo kwa maana ya wazi; jela ni jengo. Lakini watu walichelewa kuzikataa sentensi za namna hiyo, kuliko zile za uongo ambazo hazina maana yoyote ya ndani. Maana ya sitiari ilikuwa imeshaingia kichwani bila kuitwa, ikawa inawavuta mkono. Kwa hiyo maana mbili zinaweza kuja pamoja, na iliyopata msaada zaidi ndiyo inayoshika usukani. Jioni ile, maana ya seremala ilikuwa na msaada wa bawaba, wa ufundi wa mumeo, na wa uchovu. Maana yako ilikuwa na msaada wa bibi yako peke yake, na bibi yako mumeo hakulelewa naye.

Hili la bibi ndilo zito kuliko yote. Watafiti wawili wa Marekani, Brian Bowdle na Dedre Gentner, waliandika mwaka 2005 kuhusu safari ya maisha ya sitiari. Ikiwa changa, msikilizaji anaielewa kwa kulinganisha: anaweka vitu viwili pamoja na kutafuta vinafanana wapi, na hilo linataka muda na nia. Ikitumika sana inakomaa, mwisho inageuka kuwa maana ya pili tu ya neno, haihitaji kulinganishwa tena. Tunasema mguu wa meza, kichwa cha habari, kula kiapo, kula hasara, kula rushwa, na hakuna anayeona mdomo ukitafuna. Zimezeeka. "Nyumba haina mlango" kwa bibi yako ilikuwa imezeeka vivyo hivyo. Wewe umeisikia tangu ukiwa mgongoni. Kwa mumeo ilizaliwa jioni ile ile, na ilizaliwa karibu na mlango mbovu. Hamkuwa mnasikia sentensi moja.

Jirani asikuambie kwamba watu wa bara hawana mafumbo. Maneno hayo nayasikia sana hapa mjini na yananiudhi, kwa sababu si kweli. Sijapata kukutana na lugha isiyo na sitiari, ila kila watu huazima kwenye kile walichokiishi. Sisi wa Pwani tunaazima baharini, jikoni, na kwenye nguo. Muulize mumeo kwao humsemaje mchoyo, mvivu, mtu mwenye bahati, bibi harusi mzuri. Nitashangaa kama hutakuta ng'ombe mle ndani, na nitashangaa zaidi kama wewe utayaelewa yote mara ya kwanza.

Tofauti hizi zimo hata kwenye maneno ambayo hatuyaiti mafumbo kabisa. Wakati, kwa mfano, hauonekani wala haushikiki, kwa hiyo lugha nyingi huuzungumzia kwa kuazima, mara nyingi kutoka kwenye mahali. Kikundi chako cha vikoba kikiambiwa, "kikao cha Jumatano kimesogezwa mbele siku mbili", mtakutana Ijumaa, na sidhani kama mtabishana. Wazungumzaji wa Kiingereza wakiulizwa swali hilohilo kwa lugha yao, kwenye utafiti uliorudiwa mara nyingi, karibu nusu husema Ijumaa na karibu nusu husema Jumatatu. Inategemea kama mtu anajiona yeye anatembea kuelekea kwenye siku, au siku ndizo zinazomjia yeye. Mimi mwenyewe nilishawahi kufika kwenye kikao siku nne baada ya wenzangu kukimaliza, kwa kuwa barua pepe ilikuwa ya Kiingereza na kichwa changu kilikuwa cha Kiswahili. Na Waaymara wa milima ya Andes, kule Amerika ya Kusini, walioelezwa na Rafael Núñez na Eve Sweetser mwaka 2006, huweka yaliyopita mbele na yajayo nyuma: yaliyopita umeshayaona, yako mbele ya macho, yajayo hujayaona, yako mgongoni. Ukiwaza kidogo utaona wana hoja.

Ndani ya lugha moja, na hata nyumba moja, watu hutofautiana pia kwa uwezo wa kushika mambo kadhaa kichwani kwa pamoja. Fumbo jipya linataka ushike maneno, mazingira, na nia ya msemaji, vyote kwa mkupuo, na tafiti zimeonyesha kwamba wenye uwezo mkubwa wa kushika hivyo huelewa sitiari haraka na kuzieleza vizuri zaidi. Lakini uwezo huo hupungua kwa yeyote aliyechoka. Mtu aliyesimama kwenye basi kutoka Gerezani hadi Mbagala saa mbili usiku, kwenye msongamano ule unaoujua, usimpe fumbo jipya kabla hajaoga.

Mtoto. Hapa furahi tu. Mwaka 1976 Ellen Winner, Howard Gardner na mwenzao mmoja walichapisha utafiti wao waliofanya Marekani kwa watoto wa miaka 6 hadi 14. Waliwapa sentensi inayosema, kwa ufupi, kwamba askari wa gereza, baada ya miaka mingi ya kazi, alikuwa amegeuka jiwe gumu. Watoto wa miaka 6 na 7 walisema mambo mazuri ajabu: kwamba mchawi alimgeuza jiwe, au kwamba alifanya kazi kwenye gereza lenye kuta za mawe. Wa miaka 8 hivi walishagundua kwamba ugumu ndio ulioazimwa, ila waliuweka kwenye misuli. Kuanzia miaka 10 wengi waliupeleka kwenye roho ya mtu. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba hata watoto wadogo zaidi wanaweza kuelewa sitiari, mradi iwe kwenye hadithi wanayoifuata na ihusu vitu wanavyovijua. Mwanao wa miaka 6 anajua birika na anajua mkono. Bado hajui kwamba uchoyo wa mtu mzima una umbo: mkono uliokunjwa kiunoni, usionyooka kutoa. Kuomba kuuona mkono wa shangazi ni dalili kwamba amesikiliza kwa makini na anatafuta. Siku akiuliza tena, mpe birika la nyumbani alitazame, umuulize mpini wake umekaaje. Atafika mwenyewe, na hatasahau. (Shangazi ni jambo jingine, hilo utalimaliza wewe.)

Umeuliza kuhusu upungufu, kwa hiyo nisipite bila kulisema. Wapo watu ambao sitiari huwawia ngumu kwa sababu za kiafya. Baadhi ya wenye usonji, hali ya tangu utotoni inayogusa mawasiliano, huchukua maneno yalivyo, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba ni kwa kuwa wanashindwa kusoma nia ya msemaji. Francesca Happé wa Uingereza aliandika hivyo mwaka 1993. Mwaka 2005 Courtenay Norbury, naye wa Uingereza, alionyesha kwamba ukubwa wa lugha yenyewe, yaani maneno na maana ambazo mtoto anazo, unaeleza tofauti hizo vizuri zaidi. Watoto wenye usonji waliokuwa na lugha nzuri hawakuachwa nyuma na wenzao. Kwa hiyo hata huko usimwekee mtu mhuri mapema.

Kiharusi nacho, kikipiga upande wa kulia wa ubongo, kinaweza kuacha alama ya pekee. Winner na Gardner walichapisha mwaka 1977 majaribio ambayo wagonjwa walisikia sentensi kuhusu mtu mwenye moyo mzito, kisha wakachagua picha. Wengi wa walioumia upande wa kulia walichagua picha ya mtu aliyebeba moyo mkubwa, mzito kwelikweli, ingawa wakiombwa kueleza kwa mdomo waliweza kusema ni huzuni. Nakusimulia hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtu mzima aliyekuwa anaelewa mafumbo ya nyumbani halafu ghafla akaacha kuyaelewa, huyo apelekwe hospitali bila kuchelewa. Mumeo hakubadilika, alikuwa hivyo tangu siku mlipooana. Ya pili ni hiyo sentensi yenyewe. Kwa Kiingereza moyo mzito ni huzuni. Kwa Kiswahili, nikisema moyo wangu ni mzito kwenda, nasema ninasita. Daktari akitafsiri jaribio lile neno kwa neno na kumpa mzee wa Temeke, mzee atajibu sawasawa na ataandikiwa amekosea.

Jambo hilo linanikera hata kwenye vipimo vya kawaida vya magonjwa ya akili, ambako kwa miaka mingi mgonjwa amekuwa akiulizwa maana ya methali ili kuona kama fikra zake zimekwama kwenye vitu vinavyoshikika. Kipimo kina maana yake mikononi mwa anayemjua mgonjwa. Lakini methali ambayo mtu hakuwahi kuisikia inapima alikokulia kabla haijapima ubongo wake, na bado nchini kwetu mtu anaweza kuwa amekuja mjini mwaka jana tu.

Limebaki la kupuuzwa. Kutoka huku siwezi kuuona moyo wa mumeo. Naweza kusema tu kwamba mtu anayepuuza hatoi 15,000 kwa seremala kesho yake asubuhi. Alichokisikia alikifanyia kazi, na haraka.

Ila nikugeukie na wewe kidogo, dada yangu, kwa heshima. Ulichagua fumbo kwa sababu: ni ndugu wa mume, na mke anayesema wazi kwamba ndugu wamezidi anaonekana anawafukuza. Fumbo lilikupa ulinzi. Ni ulinzi uleule wa kanga: aliyelengwa anajijua, lakini mvaaji akiulizwa anaweza kusema amependa rangi tu. Ni chombo kizuri, bibi zetu waliishi nacho, nami nisingependa upotee. Kina gharama moja tu, kwamba mlango uliojiachia wewe wa kukana ndio uleule unaomwachia msikilizaji nafasi ya kutosikia. Huwezi kuufunga upande mmoja.

Kwa hiyo usiache mafumbo yako, ila mfundishe. Mweleze hili la mlango kama hadithi: bibi alilisema lini, kwa nani, kikatokea nini. Mara ya pili litakuwa limeshazeeka kidogo kwake. Mwombe naye akupe ya kwao, moja kwa moja, uyatumie hadi ukosee na yeye akucheke. Nyumba yenu itakuwa na mafumbo ambayo hayako Pangani wala Shinyanga. Na fumbo lolote jipya lipe dalili, sauti, jicho, au neno moja lisilokaa sawa, ili asiangalie bawaba. Kama ungesema "nyumba hii siku hizi haina mlango, hata wa choo umeota miguu", nadhani angeacha nyundo na kukutazama.

Kuhusu wageni wenyewe, hilo usimfumbie. Mwambie kwa maneno ya kawaida, mkiwa wawili, baada ya kula, na kabla ya mwisho wa mwezi hawajaingia wengine.